Gramu Ishirini za Bi Mwanahawa

Siku ya kwanza kazini niliulizwa swali moja tu: "Unajua kuchota?" Nikajibu kwamba nimemaliza kidato cha nne. Bi Mwanahawa akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akamgeukia mwenye kiwanda, Mzee Sudi, akasema, "Huyu hajui kuchota."

Nilistaafu mwezi uliopita. Rehema, ambaye sasa anashika meza yangu, ameniomba niwaandikie ninyi vijana wa kiwandani yale niliyoyaona, akidhani labda nina siri. Vyeo sitavieleza; nilivyopata vinahesabika kwa kidole kimoja, na kidole chenyewe kina habari yake. Mshahara tuuache ulale. Nitaeleza vikombe na gramu, kwa sababu huko ndiko nilikokaribia kumtoa mtu kazini kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nijitambulishe kwanza, mpate cheko la mapema. Hisabati nilipata F. Fizikia nilipata F. Kiswahili nilipata C, walimu wakaenda kuhakikisha namba ya mtahiniwa. Tena mimi ni mtu wa nyumbani. Nimeishi chini ya milima ya Uluguru maisha yangu yote, nimeitazama kila asubuhi kupitia dirisha la chumba cha unga, na sijaipanda hata hatua kumi. Watu wanatoka Ulaya na mabegi mgongoni kuja kuipanda. Mimi huwapungia mkono nikiwa nimebeba trei. Kazi ya mikate ilinifaa kwa sababu iko ndani, ina joto, na hakuna anayekutuma mbali.

Wakati ule kiwanda chetu cha Mji Mpya kilikuwa na tanuri la kuni, mashine moja ya kukandia, na Bi Mwanahawa. Ukitaka kuvipanga kwa umuhimu, anza mwisho. Alikuwa Mluguru wa Kinole, mnene wa mikono, bahili wa sifa. Vipimo vyote alivichota kwa kikombe kimoja cha bati, cheupe, ukingo wa bluu, kilichobanduka rangi sehemu tatu. Donge moja la mikate lilikuwa vikombe arobaini vya unga, na maji majagi manne kwa jagi la plastiki la lita moja. Sukari, chumvi na mafuta vilifuata kwa kikombe kilekile, hamira kwa kijiko. Hakuandika popote. Alihesabu kwa sauti ya chini, na ukimsalimia akiwa kwenye ishirini na saba, alimwaga akaanza upya, na wewe ukapata jina jipya la siku hiyo. Mimi langu lilikuwa Msomi. Lilidumu.

"Msomi, lete unga."

"Upi, Bi Mwanahawa?"

"Kidato cha nne hamkufika kwenye unga?"

Kila Jumamosi nilimbebea kapu sokoni. Alipenda njegere za Mgeta, zile zilizokwishamenywa na kuuzwa kwa kikombe, na hapo ndipo nilipomjua vizuri. Mnajua mchezo wa wauzaji. Mtu anachota njegere huku kidole gumba kimezama ndani ya kikombe. Kikombe kinaonekana kimefurika, kumbe sehemu yake ni kidole, na kidole hakiuzwi, kinarudi nyumbani na mwenyewe. Bi Mwanahawa alikiona kidole hicho kutoka upande wa pili wa soko.

"Toa kidole, mama!"

"Jamani bibi, kidole chenyewe kidogo."

"Kidogo kwako. Kwa wateja mia ni sufuria nzima ya mboga. Toa, mwaga, chota upya!"

Na muuzaji alichota upya. Nimewaona wanawake wa Mgeta wakificha vidole gumba nyuma ya mgongo wakimwona anakuja. Kwake kupunja kulikuwa dhambi inayofuata baada ya kuua, na zipo siku alizoweka kuua nyuma.

Miaka ikaenda. Mzee Sudi akachoka, kiwanda kikashikwa na mwanawe, Faridi, kijana mpole aliyesomea biashara chuoni na kurudi na mashati yaliyopigwa pasi mpaka unahisi yatakukata. Wiki ya pili alileta mizani ya umeme yenye namba nyekundu. Akaiweka mezani kama mtu anayeweka posa.

Akaniita pembeni. "Msomi, tunaingia kwenye gramu. Nataka kila kikombe kigeuzwe uzito, kiingie kwenye daftari. Daftari likikamilika, mtu yeyote ataweza kuoka. Na bibi yetu atapumzika."

"Atapumzika wapi, bosi?"

"Si nyumbani kwake?"

Nyumbani kwake Mwembesongo kulikuwa na kuku wawili na redio inayoshika stesheni moja. Mume alishafariki, watoto hakujaliwa. Meza ile ya unga ndiyo ilikuwa familia yake, na sisi tuliokuwa tukitukanwa pale ndio tuliokuwa wanawe. Nililijua hilo. Ningeweza kusema neno. Nikasema, "Sawa, bosi." Nielewe, Rehema: ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita Msomi bila kucheka.

Bi Mwanahawa alijua shabaha ya daftari kabla wino haujakauka; kiwanda chetu hakina mlango unaofunga. Hakununa. Alinisogezea kiti. "Haya, pima," akasema. "Nione F ya hisabati inavyofanya kazi."

Nikafanya kazi kisomi. Nilichukua chupa ya soda, ya kioo, ya mililita mia tatu, nikaijaza maji, nikamimina kwenye kikombe chake. Kikajaa sawasawa, tone halikumwagika. Lita ya maji ni kilo. Hilo lilikuwa limebaki kichwani. Kwa hiyo kikombe ni gramu mia tatu. Nikaandika: unga, vikombe arobaini, kilo kumi na mbili. Nikapiga mstari chini kwa rula, kwa wekundu.

Kilo kumi na mbili za unga zilipoingia na maji lita nne, mashine ya kukandia iliguna kama punda aliyeongezewa gunia, ikazima. Tulimalizia kwa mikono, wanaume wanne, tukaoka kilichowezekana. Bi Mwanahawa alichukua mkate mmoja, akaugonga mara mbili, akainamisha sikio.

"Hodi," akasema. Akasubiri. "Hawapo."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mwalimu wa fizikia aliwahi kusema kitu kuhusu densiti, siku ambayo mimi nilikuwa natazama milima. Basi lishikeni hili, maana nimelipia kwa mgongo: chupa ya soda inakwambia kikombe kinabeba nafasi kiasi gani, haikwambii kinabeba uzito gani. Kikombe chetu kilekile kikijaa mafuta, ni kama gramu mia mbili sabini na tano. Kikijaa sukari, mia mbili hamsini na tano hivi. Chumvi inavuka mia tatu na hamsini. Unga uliochekechwa na kumiminwa taratibu ni mia na hamsini tu, nusu ya maji, na unga huohuo ukiuchota kutoka chini ya pipa ulikolaliwa na mwenzake, uzito unapanda na kikombe hakijabadilika. Kwa hiyo anayewaambia "kikombe kimoja cha unga" bila kusema kimechotwaje, amewaambia habari za hewa. Na vile vikombe mnavyovisoma kwenye simu ni vya mililita mia mbili arobaini, vya watu wengine, waliozaliwa na makabati mengine. Msivichanganye na chetu halafu mkasema tanuri lina jini.

Nikarudi kwa adabu. "Bi Mwanahawa, nichotee wewe mwenyewe, mimi nipime."

Akanichotea. Alishika kikombe kwa sikio, kile kishikio cha pembeni, akachota, akakigonga mezani mara moja, akapitisha mpini wa kisu juu, akanipa kwa mikono miwili kama anampa mgeni maji. Gramu mia na tisini. Akarudia mara kumi, na mara kumi mizani ikacheza palepale. Nikashangaa mkono wa binadamu. Nikaandika: unga, kilo saba na gramu mia sita. Daftari likafungwa. Faridi akalipiga picha.

Wiki iliyofuata Bi Mwanahawa alikwenda Kinole msibani, na Faridi akaona ni nafasi. Tukaoka kwa daftari. Safari hii mashine haikuzima, donge likaumuka kiasi, mikate ikatoka na sura nzuri. Ilikuwa migumu tu. Haikuwa mawe, ilikuwa ya kutafuna huku unafikiria mambo mengine. Mama lishe wa Msamvu waliirudisha mchana uleule. Mmoja akasema wateja wake wana haraka ya basi, hawana muda wa kupigana.

Faridi akaangalia mizani, akaangalia daftari, akaniangalia mimi. Nilikuwa kitu pekee kati ya hivyo vitatu kilichowahi kupata F.

Bi Mwanahawa akarudi. Akavaa kanga yake ya kazini, akachota arobaini, na mikate ikawa laini kama kawaida. Nikasimama pale dirishani nikijifanya natazama milima, nikamtazama yeye. Hakuwa akinichotea mimi wala mizani, alikuwa akichota tu, macho kwenye hesabu. Sikio la kikombe limeachwa linaning'inia. Vidole vinne nje. Na kidole gumba kimezama ndani mpaka kwenye kiungo, kinene, cheupe kwa unga, kikombe baada ya kikombe.

Pale penye kidole hapakai unga. Aliponichotea mimi alitumia sikio, kwa heshima, kwa sababu kumchotea mtu huku kidole kimo ndani ni aibu. Alipojichotea mwenyewe, kidole kilirudi nyumbani kwake. Siku ile nilikichukua kikombe chake kwa siri baada ya yeye kutoka kwenda kuswali adhuhuri, nikaiga mshiko wake, nikapima: mia na sabini. Gramu ishirini kila kikombe. Mara arobaini, gramu mia nane za unga ambazo hazikuwahi kuwemo kwenye mkate wetu, na mimi nilizitia zote, maji yakiwa yaleyale ya jagi.

Mtu mwenye busara angekaa kimya usiku mmoja akafikiri. Ningesema, daftari linakuwa sahihi na Bi Mwanahawa anaenda kwa kuku wake wawili. Nisingesema, nabaki mjinga, kazi niliyoizoea. Lakini alipoingia na kushika kikombe, watu wote wapo, Faridi yupo, ulimi wangu ukaona mzaha na ukaukimbilia.

"Toa kidole, mama!"

Wote wakacheka, mpaka walipomwona. Alikitazama kidole chake ndani ya kikombe kama mtu aliyekuta nyoka kwenye kiatu.

"Mimi?" akasema. "Mimi napunja?"

Akakitoa, akakifuta kwenye kanga, akachota kwa sikio. Ishirini na saba, ishirini na nane, sauti haisikiki. Mikate ya siku ile ikawa migumu. Ya kesho yake ikawa migumu. Aliona aibu kurudisha kidole, na bila kidole hakujua kuoka, kama mtu uliyemwuliza anatembea kwa kutanguliza mguu upi, akaanguka. Siku ya tatu alihesabu vibaya. Faridi akaniambia taratibu, kwa huruma kabisa, na huruma yake ndiyo iliyoniuma: "Unaona, Msomi. Bibi amechoka. Ijumaa nitazungumza naye."

Alhamisi mchana nilifanya safari. Mwembesongo si mbali, lakini kwangu mimi kila panapozidi geti letu ni safari. Nilimkuta kibarazani, redio inazungumza peke yake.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa."

"Marahaba. Umekuja kupima kuku?"

Nikaketi bila kukaribishwa. Nikamwambia: mikate ile uliianzisha wewe, kidole kikiwa ndani. Maji uliyapatanisha na unga uliopungua, chumvi uliipatanisha, hamira uliipatanisha. Njegere zikipungua mteja kapunjwa. Unga ukipungua kwetu, ndipo mkate unapokuwa mkate. Hukumpunja mtu.

Akakinyanyua kidole gumba. "Kwa hiyo kidole changu ni hamira?"

"Ni gramu ishirini."

"Kinene hivi, ishirini tu?" Akakigeuza huku na huku juani. Ndipo akacheka, kidogo, kwa pua. Halafu akaacha. "Ukiandika hiyo mia na sabini, Msomi, mimi sina kazi."

"Najua."

"Na nikikwambia usiandike?"

"Siandiki."

Kuku mmoja akapita katikati yetu akidonoa chini. Bi Mwanahawa akazima redio.

"Basi hapo ndipo nitakuwa nimepunja kweli," akasema. "Andika."

Ijumaa ikaamka na masika. Mawingu yalikuwa yameshuka Uluguru mpaka usingejua kama kuna mlima, na kuta za chumba cha unga zilikuwa na jasho. Niliandika kama nilivyoamriwa: unga, kilo sita na gramu mia nane. Bi Mwanahawa alikuja kazini, akijua kinachomngoja, akanikuta napima. Akaingiza mkono kwenye unga, akauminya, akafumbua. Unga ukabaki na umbo la ngumi.

"Huu umekunywa," akasema. Akamimina majagi matatu, na la nne akalikatia njiani. Hakuhesabu, hakupima. Donge likatoka linavyotakiwa.

Nikalitazama daftari. Pale chini nilikuwa nimeandika "Maji: lita nne," kwa wekundu, kwa rula. Nikakata. Nikaandika: "Maji: aulizwe Bi Mwanahawa."

Faridi alisoma mara mbili. "Hii si gramu, Msomi."

"Si gramu, bosi."

"Ni nini?"

"Ni kipimo. Na humu ndani ndicho pekee ambacho hakijawahi kuturudishia mkate."

Hakukasirika, alikunja mikono ya shati. Akapima unga mwenyewe, gramu mia na sabini mara arobaini, bila kosa, akamimina lita nne kamili. Donge lile lilimshika mikono yote miwili kama mdai. Likapanda mpaka kwenye mikunjo ya shati. Alitoka ananata, akasimama mlangoni, akauliza kwa sauti ya mtoto aliyepotea sokoni, "Bibi yuko wapi?"

"Nipo," akajibu Bi Mwanahawa. "Kwanza tafuta kisu, tukukwangue."

Mazungumzo ya Ijumaa hayakufanyika. Alibaki miaka mingine sita, mpaka magoti yalipokataa. Mizani ilipima unga, yeye alijibu maji, na kila masika Faridi alimletea kiti. Siku ya kuondoka aliomba kalamu, akakata jina lake kwenye daftari, akaandika langu pembeni. Hakuandika jina nililopewa na wazazi. Aliandika Msomi. Alipofariki, ndugu zake wa Kinole waliniletea kile kikombe, kimefungwa kwenye kanga ya kazini.

Siku yangu ya mwisho nami nilikata, nikaandika Rehema. Akaniuliza, "Sasa babu, mimi nitamuuliza nani?" Nikamwambia auulize unga, auminye, atajibiwa. Alinitazama kama watu wanavyowatazama wastaafu. Juzi alinipigia simu, mvua inasikika nyuma, akasema jagi la nne amelikatia njiani na donge limekubali. Hakuwa ananiuliza. Alikuwa ananiarifu. Nililala vizuri siku hiyo, na kidogo vibaya.

Sasa nakaa nyumbani, mahali nilipopataka siku zote, na mke wangu amegundua kwamba napataka mno. Jana akanipa kazi: maandazi ya chai ya jioni. Nyumbani hatuna mizani. Nilimweleza Mama Zuhura kwa kirefu tofauti ya nafasi na uzito, habari za chupa ya soda, kwa nini kikombe kinadanganya na gramu hazidanganyi. Alisikiliza huku anakuna nazi. Nikatoa kikombe cha bati, nikachota.

"Baba Zuhura."

"Nini?"

"Na hicho kidole nacho kina gramu ngapi?"

"Mimi?" nikasema. "Mimi natia kidole?"

Nikasikia ilikuwa sauti ya nani. Nikaangalia chini. Sikio la kikombe linaning'inia, vidole vinne nje, gumba ndani mpaka kwenye kiungo, jeupe.

Mama Zuhura alicheka mpaka mbuzi ya nazi ikamteleza. Nikachota kikombe cha pili. Kidole sikukitoa.